Maziwa Mawili, Ndege Mmoja: Historia ya Maarifa na Ngano za Uhamaji wa Mbayuwayu Itazamwapo Kutoka Ufuko wa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna swali la mahali waendako mbayuwayu wakati wa baridi ya Ulaya lilivyoulizwa, likajibiwa kwa ngano na hatimaye kwa ushahidi, kuanzia maandishi ya Wayunani hadi pete ya mwaka 1912. Mahali pa kutazamia ni Kabuta, katika ufuko wa Ziwa Mweru, ambako ndege huyo huonekana hai katika miezi ileile ambayo wataalamu wa kaskazini walimdhania amelala chini ya maji. Hoja kuu ni kwamba ngano za uhamaji huzaliwa pale ambapo mtazamaji anaona nusu ya mwaka tu, na kwamba historia iliyoandikwa ya kuziunganisha nusu hizo mbili imetegemea mno ni nani aliyekuwa na posta, maandishi na lugha ya kuandikiana. Ngano zinazosimuliwa Amerika kuhusu ndege mdogo avumaye zinatajwa kwa ulinganisho.

Utangulizi

Kabuta iko katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Isichanganywe na Kaputa, iliyo mbali zaidi upande wa kaskazini-mashariki karibu na Mweru Wantipa. Kosa hilo la herufi moja limekwisha wapoteza wasomaji wengi wa ramani. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na maji hutoka kwa mto Luvua huko Pweto, upande wa kaskazini. Ng'ambo ya maji ni Kongo, ambako katika miji ya Kilwa na Pweto Kiswahili cha Katanga ni lugha ya soko. Upande wa Zambia watu husema Kibemba na lugha za jamaa yake, na wachuuzi wa samaki huvuka na bidhaa pamoja na maneno. Ziwa hili basi ni moja ya mipaka ya magharibi ya Kiswahili, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kulileta mbele ya kongamano hili.

Mvua huku ni moja tu kwa mwaka. Huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukatika Aprili. Msamiati wetu wa masika na vuli, uliofinyangwa na pepo za pwani, hauenei vizuri hapa, na mwandishi wa Kiswahili anayeandika juu ya Mweru analazimika kusema kwa urahisi "wakati wa mvua" na "wakati wa ukavu". Mbayuwayu ambaye wataalamu humwita Hirundo rustica, mwenye koo la rangi ya kutu na mkia uliogawanyika kama uma, huanza kuonekana nchini Zambia mwezi Septemba, huwa wengi sana mvua zinapokolea, na huondoka kufikia Aprili. Kwa miezi hiyo yote hajengi kiota wala hatagi yai. Jambo hilo la pili ndilo lenye uzito katika mjadala unaofuata.

Mbayuwayu chini ya maji

Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alijua vyema kwamba korongo hutoka nyika za Scythia na kwenda hadi mabwawa yaliyo kusini ya Misri, yatokako maji ya mto Nile. Alijua, kwa maneno mengine, kwamba ndege anaweza kuruka kutoka Ulaya hadi ndani ya Afrika. Hata hivyo alipofika kwa mbayuwayu aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni wakati wa baridi, wakiwa wamenyonyoka manyoya. Tofauti hiyo inastahili kutafakariwa. Ndege mkubwa alikubaliwa kuwa msafiri. Ndege mdogo alinyimwa safari. Kipimo kilichotumiwa kilikuwa mwili.

Ngano hiyo ilikua badala ya kufifia. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uppsala aliyekuwa akiishi uhamishoni Roma, alichapisha historia ya watu wa kaskazini, na humo akaeleza kwamba wavuvi wa nchi za baridi huvua kwa nyavu zao mafungu ya mbayuwayu walioshikamana mdomo kwa mdomo na bawa kwa bawa, waliozama ziwani kungoja joto lirudi. Kitabu kina mchoro wa tukio lenyewe: wavuvi wawili, wavu, na mchanganyiko wa samaki na ndege. Mwishoni mwa karne ya 17 Mwingereza Charles Morton alipendekeza kwamba ndege wanaopotea huenda mwezini, safari aliyoikadiria kuchukua siku sitini. Tunacheka, lakini Morton angalau alikubali kwamba ndege wameondoka. Wengi wa wakati wake waliendelea kuwatafuta topeni. Linnaeus mwenyewe, aliyeipa mbayuwayu nafasi katika mfumo wa majina tunaoutumia hadi leo, aliamini kwamba wanalala chini ya maji.

Kwa nini maji? Jibu liko katika tabia halisi ya ndege. Kabla ya kuhama, mbayuwayu hukusanyika jioni kwa maelfu katika matete ya maziwa na mito, wakaingia humo kwa ghafla kama jani linalofutwa na upepo, wakalala. Mtu aliyesimama ufukoni jua likichwa aliona kundi zima likitumbukia kwenye matete, na siku chache baadaye hakuona hata mmoja. Aliyatazama maji yaliyobaki mbele yake, akaamua. Kwa hiyo ngano hii haikuzuka kwa uvivu wa macho. Sehemu yake ya kwanza ni uchunguzi sahihi, na ndiyo sababu ikadumu.

Sasa tuugeuze mchoro wa Olaus Magnus. Desemba ileile ambayo wavuvi wake wanavuta wavu uliojaa ndege waliolala, wavuvi wa Mweru wako majini katika mitumbwi, na mbayuwayu wanaruka juu ya vichwa vyao wakinasa wadudu. Jioni ndege hao huhitaji matete vilevile, kama walivyoyahitaji kule. Hakuna mtu wa ufuko huu ambaye angeweza kuaminishwa kwamba mbayuwayu wa Desemba amelala. Swali ambalo lilisumbua vyuo vya Ulaya kwa miaka elfu mbili lisingeweza hata kuulizwa Kabuta kwa sura ile.

Ushahidi wa kusini na waliokataa kuusikia

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba Afrika ilijua na Ulaya haikujua. Historia yenyewe ni ngumu zaidi, na mfano bora ni wa Mfaransa Michel Adanson. Alipokuwa akifanya kazi Senegal aliandika kwamba mwezi Oktoba 1749 mbayuwayu wanne walitua katika chombo alichosafiria karibu na pwani ile, nao walikuwa mbayuwayu halisi wa Ulaya. Aliongeza kwamba Senegal ndege hao huonekana katika majira hayo tu, na kwamba hawajengi viota huko. Kitabu chake kilitoka Paris mwaka 1757. Hiyo ilikuwa hoja kamili: ndege yuleyule, mwezi ufaao, na dalili kwamba hakuzaliwa pale.

Mwaka 1772 Daines Barrington, mwanasheria na mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, aliichambua hoja hiyo katika insha ndefu ya kupinga uhamaji, akadai kwamba ndege wa Adanson huenda walikuwa wa aina nyingine. Gilbert White wa Selborne, mchunguzi makini kuliko wote wawili, kitabu chake kilipotoka mwaka 1789 bado alikuwa akisitasita, akitafuta mbayuwayu waliojificha katika vichaka vya kijiji chake. Ushahidi ulikuwa umekwisha chapishwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kilichokosekana ni utayari wa kuamini kwamba lililoonwa Senegal lina uzito sawa na lililodhaniwa Hampshire.

Upande wa mashariki wa Afrika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa, aliandika katika kitabu chake cha wanyama juu ya samaki na ndege wajao kwa majira, na miongoni mwao akawataja samaki ambao mabaharia walisema hutoka nchi ya Zanji na kufika Basra kwa wakati wake. Tunaona hapa jamii ya bahari iliyozoea kwenda na kaskazi na kurudi na kusi, kwayo wazo la kiumbe kuwa na nyumba mbili halikuwa na ugeni wowote. Hatudai kwamba al-Jahiz alisema kweli kuhusu njia ya samaki hao. Tunadai kwamba aliyezoea kusafiri kwa majira huwa mwepesi wa kumfikiria msafiri wa majira.

Hali kadhalika Mweru. Uvuvi wa ziwa hili ulijengwa juu ya uhamaji. Samaki aitwaye mpumbu, Labeo altivelis, alikuwa akipanda Luapula kila mwaka mvua zilipoanza ili kutaga mayai mtoni, na watu walimngoja kwa nyavu na mitego. Ian Cunnison, aliyeishi katika bonde hilo na kuchapisha mwaka 1959 kitabu chake juu ya watu wa Luapula, anaonyesha jinsi maisha ya wavuvi yalivyofungamana na samaki na miezi yao. Wingi huo wa mpumbu ulianguka mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya samaki kuvuliwa mno wakiwa njiani kwenda kutaga. Jamii iliyopata na kupoteza samaki wa namna hii inajua uhamaji ni nini, na inajua pia kwamba anayezuiwa njiani harudi.

Tatizo la mwanahistoria ni maandishi. Msafara wa Lacerda ulifika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798, na wa Monteiro na Gamitto mwaka 1831. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, akaelekea kusini mpaka mji wa Kazembe, akiandamana na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Mbayuwayu wa Ulaya kwa wakati huo wa mwaka huwa tayari wamefika katika nchi hizo. Mwaka uleule Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alimshinda Nsama katika nchi ya Itawa, upande wa mashariki ya ziwa, na tawasifu yake ni moja ya hati muhimu za Kiswahili kuhusu eneo hili. Lakini shabaha ya wote hao ilikuwa pembe, njia, mito na utawala. Aliyemtazama ndege hakuwa na kalamu, na mwenye kalamu alikuwa anatazama pembe.

Nusu yetu na ngano zake

Ikiwa mtazamaji wa kaskazini alidanganywa na nusu aliyoiona, mtazamaji wa kusini naye ana nusu yake, na isingekuwa haki kumwondolea yeye peke yake uwezekano wa kukosea. Ndege anayefika mawingu yanapojikusanya huonekana kana kwamba ndiye aliyeyaleta. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini ndege fulani huitwa mleta mvua au mtabiri wa mvua. Kwa Waswahili mfano maarufu ni dudumizi, ambaye sauti yake ya kushuka kama maji yamwagwayo kutoka chupani husemwa kutangaza mvua, ingawa yeye hana safari ya mbali.

Ukweli ni kwamba mvua na mbayuwayu wanafuata jua lilelile. Ukanda wa mvua husogea kusini pamoja na jua kati ya Septemba na Desemba, na mvua za kwanza huamsha wadudu. Kumbikumbi, ambao Wabemba huwaita inswa na kuwakusanya kwa chakula, hutoka ardhini kwa mamilioni baada ya mvua hizo, na mbayuwayu, mwewe na keremkerem huwashambulia hewani. Mtu na ndege hugombea mlo mmoja jioni moja. Kusema kwamba ndege ameleta mvua ni kupindua mpangilio. Kusema kwamba ndege na mvua hufika pamoja ni kweli tupu. Kama ilivyo kwa matete ya Olaus Magnus, nusu ya kwanza ya ngano ni uchunguzi mzuri.

Ngano nyingine ya huku, iliyo ya kawaida hata miongoni mwa waliosoma, ni kwamba mbayuwayu wanaojenga viota vya udongo chini ya mapaa ya shule na madaraja ni walewale wa Ulaya. Sivyo. Mjenzi huyo kwa kawaida ni mbayuwayu mwingine, mwenye michirizi myeusi kifuani na kichwa cha rangi ya matofali, ambaye kiota chake huwa na mlango mrefu kama shingo ya chupa. Yeye ni wa Afrika. Mbayuwayu wa Ulaya hana shughuli na mapaa yetu. Anacho kitu kingine cha kufanya: anabadili manyoya. Baada ya kufika kusini huanza kuangusha manyoya makubwa ya mabawa moja baada ya jingine, na huchukua miezi kadhaa kuyaotesha mapya, ili Machi au Aprili awe na mabawa mazima ya kumrudisha. Ulaya hafanyi hivyo. Mwana wa ndege huzaliwa kule, lakini bawa linaloruka kule limeota huku. Kama Barrington angemwona mbayuwayu wa Januari mkononi, akiwa na unyoya mpya umefika nusu ya urefu wake, insha yake ingekosa msingi.

Ndege mdogo mgongoni mwa ndege mkubwa

Hapa ulinganisho na Amerika unasaidia. Mabara hayo mawili yana jamii kubwa ya ndege wadogo wavumao, wenye uwezo wa kusimama hewani mbele ya ua na hata kurudi nyuma. Afrika haina hata mmoja. Msomaji wa Kiswahili anapokutana nao kitabuni mara nyingi humfikiria chozi, ndege wetu mdogo mwenye mdomo uliopinda ambaye hunyonya maua ya migomba. Na Wangari Maathai aliposimulia mara kwa mara kisa cha ndege mdogo aliyejaribu kuuzima moto wa msitu kwa tone moja moja la maji, msimuliaji wa Kiswahili aliyetaka kukirudia alikabiliwa na swali la jina. Kumwita chozi si dhambi katika hadithi. Katika kitabu cha elimu ya viumbe ni kosa, kwa kuwa chozi ni wa ukoo mwingine kabisa, kwa kawaida hutua tawini anaponyonya, na safari zake nyingi ni fupi, za kufuata maua.

Mmoja wa ndege wavumao, mwenye koo jekundu, anazaliana mashariki ya Marekani na Kanada na wakati wa baridi huenda Meksiko na Amerika ya Kati. Ana uzito wa gramu tatu hivi. Kabla ya kuondoka hujaza mafuta mwilini hadi uzito wake kukaribia kuongezeka maradufu, na wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko, umbali wa kilomita 800 hivi, bila mahali pa kutua. Kwa kuwa watu hawakuweza kuamini, walisimulia kwamba ndege huyo hupanda mgongoni mwa bata bukini na kubebwa. Ngano hiyohiyo ilisimuliwa katika nchi za Mediterania hata karne ya 19: kwamba korongo wakubwa huwavusha baharini ndege wadogo juu ya migongo yao. Bukini na yule mvumaji hawahami katika majuma yaleyale wala hawaelekei kukaa mahali pamoja, lakini ngano haisumbuliwi na kalenda. Wapo pia wanaosema kwamba mwenye nyumba akiacha maji ya sukari bustanini ndege atasahau kuondoka. Hasahau. Kufupika kwa mchana ndiko kunakomwamsha, na chombo cha sukari humsaidia tu kujaza mafuta.

Tunarudi basi kwenye kipimo cha Aristotle. Mbayuwayu ana gramu ishirini hivi, na wale wa Uingereza wanaokwenda Afrika Kusini husafiri takriban kilomita 10,000 kwa kila upande. Ngano za maji, za mwezi na za mgongo wa bukini zote zinajibu wasiwasi mmoja, kwamba mwili mdogo hauwezi njia ndefu bila kulala, kugeuzwa au kubebwa.

Mkuki wa 1822 na pete ya 1912

Ushahidi wa kwanza usiopingika haukutoka kwa mtaalamu. Mwezi Mei 1822 korongo mweupe alipigwa risasi karibu na Klütz, katika Mecklenburg, Ujerumani, naye alikuwa na mkuki wa urefu wa sentimita 80 uliopenya shingo yake. Mti wa mkuki ule ulitambuliwa kuwa wa Afrika ya Kati. Korongo huyo aliyekaushwa yupo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na Wajerumani wameunda neno maalumu kwa korongo wa namna hiyo, kwani tangu hapo wamehesabiwa ishirini na kadhaa. Tukiutazama kama wanahistoria, mkuki ule ni hati. Uliandikwa na mwindaji wa Kiafrika aliyekosa windo lake, ukabebwa kuvuka bara, ukasomwa Ulaya. Jina la aliyempiga risasi ndege na jina la kasri la jirani vimehifadhiwa katika masimulizi ya Mecklenburg. Mtupa mkuki hana jina wala nchi.

Kisha zikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu Hans Christian Mortensen wa Viborg, Denmark, alianza kuwavisha kwezi pete za chuma zenye namba na anwani. Uingereza ilifuata mwaka 1909 chini ya Harry Witherby. Mei 1911 John Masefield, mwanasheria wa Cheadle katika Staffordshire, alimvisha mbayuwayu wa nyumbani kwake pete namba B830. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba karibu na Utrecht, Natal, na mkazi mmoja wa huko, C. H. Ruddock, akaandika barua kwa anwani iliyo kwenye pete: Witherby, High Holborn, London. Swali la Aristotle lilijibiwa kwa herufi chache juu ya chuma na stempu ya posta.

Tangu hapo ramani za uhamaji zilichorwa kwa nukta: kila pete iliyorudishwa, nukta moja. Ndipo inapotupasa kuuliza swali ambalo historia za ndege huliruka. Ili nukta iwepo, haitoshi ndege kufa. Yahitajika mtu amwokote, aione pete, aweze kusoma Kiingereza au lugha nyingine ya Ulaya, ajue kwamba London ni mahali panapoandikiwa, na awe na posta ya karibu. Kwa miongo mingi pete za Uingereza ziliandikwa anwani ya British Museum, London. Kwa mkulima wa Natal maneno hayo yalikuwa maagizo. Kwa mvuvi wa Kabuta wa miaka ya 1930 aliyemkuta mbayuwayu amenaswa kwenye matete, yalikuwa mikwaruzo juu ya kipande cha bati, pengine kizuri kwa mtoto kuchezea. Ramani ya nukta kwa hiyo ni ramani ya mbayuwayu iliyofunikwa na ramani nyingine ya mashamba ya walowezi, misheni, boma na reli. Pale palipo patupu haina maana kwamba ndege hawakuwapo.

Wataalamu waliofika baadaye walijaza sehemu ya pengo hilo kwa macho badala ya pete. S. A. Neave, mtaalamu wa wadudu, alichapisha mwaka 1910 taarifa ya ndege wa Northern Rhodesia na Katanga, C. W. Benson na C. M. N. White walitoa orodha yao ya ndege wa nchi hiyo mwaka 1957. Kazi hizo ni za thamani, na hata leo huwezi kuandika juu ya ndege wa Luapula bila kuzipitia. Ila orodha hutwambia aina na mwezi. Haitwambii mzee wa ufukoni alisema nini alipoulizwa ndege hawa hutoka wapi, kwa kuwa mara chache sana aliulizwa.

Mgeni ni nani?

Lugha yenyewe imerithi ukaazi wa upande mmoja. Vitabu vya shule hufundisha kwamba mbayuwayu "huenda kusini wakati wa baridi", na mtoto wa Nchelenge anayesoma sentensi hiyo ndiye aliye kusini, katika joto na mvua. Methali ya Kiyunani ambayo Aristotle anaitaja, kwamba mbayuwayu mmoja halifanyi kiangazi kuwa kimefika, ikitafsiriwa kwa Kiswahili hugeuka kitendawili kwenye ufuko wa Mweru, ambako ndege huyo huja ukavu unapokwisha. Majina ya kitaalamu humwita mbayuwayu wa Ulaya. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hukaa miezi sita au zaidi, anakula kumbikumbi wetu, anaotesha mabawa yake hapa, na bado anaitwa mgeni.

Wala uhamaji wote hauanzii kaskazini. Yuko ndege wa usiku, Caprimulgus vexillarius, ambaye dume lake huota unyoya mrefu kama utepe katika kila bawa. Yeye hutaga katika misitu ya miombo ya Zambia kuanzia Septemba, kisha huvuka ikweta kwenda kukaa katika nchi za kaskazini zaidi, kama Uganda na Sudan, mpaka majira ya kutaga yarudi. Kwa ndege huyu Luapula ni nyumbani, na Uganda ni ugenini. Msomaji wa Kampala anayemwona angekuwa na haki ya kumwita ndege wa Zambia.

Kwa sasa pete inapewa msaada na kifaa kidogo chenye uzito usiofika gramu moja, kinachofungwa mgongoni mwa mbayuwayu na kuandika saa za macheo na machweo, ambazo kwazo mahali alipopita hukadiriwa. Kifaa hicho hakihitaji mvuvi anayejua kusoma, wala barua, wala stempu. Kinahitaji tu kwamba ndege anaswe tena kule alikofungiwa, mara nyingi katika zizi lilelile la Ulaya alikozaliana mwaka uliotangulia. Nukta za Mweru zitaongezeka kwenye ramani bila mtu wa Mweru kugusa chochote. Wakati huohuo wavuvi wa chisense wa Kashikishi na Kabuta bado hutoka na taa zao jioni, saa ileile ambayo mbayuwayu huingia matetani, na walichokiona miaka yote hiyo bado hakijaandikwa kwa Kibemba wala kwa Kiswahili.